Salamu Yenye Mashimo

Ilagala, 12 Februari 2017

Aurore mjukuu wangu,

Miaka mitatu. Mwinshehe anayeniandikia alitaka kuanza na "natumaini u mzima wa afya", nikamwambia weka kalamu chini kwanza. Anayetumaini ni yule asiyejua. Mimi najua u mzima, maana ungekuwa umekufa wangempigia mama yako huko Katubuka, naye angefika hapa analia. U mzima, una miguu miwili, na barabara ya Ilagala haijafungwa. Basi ni nini? Hata marehemu huja ndotoni kuuliza hali.

Na usinitajie simu. Simu ninayo, aliniletea mama yako, namulikia ndani ya mtungi nione kama maji yana wadudu. Simu ukishazima maneno yameisha, hata ukinidanganya siwezi kukushika. Barua itakaa kwenye kopo la majani ya chai, na siku nikitaka nitamwambia mtu anisomee tena pale ulipodanganya.

Habari za hapa. Mama yako mguu umepungua uvimbe. Michikichi ya upande wa mto imezaa vibaya, ya juu imezaa vizuri. Mwinshehe bado anakaa chumba cha uani. Tangu astaafu ubwana samaki anasema atarudi kwao Pangani mwezi ujao, na huo mwezi ujao una miaka sita sasa. Jirani yetu Jovita hauzi tena dagaa Katonga. Anawapeleka soko la kambini Nyarugusu, kwa hawa Warundi waliokuja mwaka juzi.

Hapo ndipo penye neno. Jovita amekuja kuniambia kuna mama mtu mzima huko kambini, alisikia Jovita anatokea Ilagala, akamwuliza kama anamjua Veneranda mwenye kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Huyo mama anaitwa Caritas. Nimemwambia Jovita watu wenye makovu ni wengi. Nakuambia wewe ili usije ukasikia kwa mwingine ukaanza kunipigia simu. Siendi kumwona, na usiniulize.

Kula. Ile picha uliyomtumia mama yako, shingo imekuwa ya korongo.

Bibi yako, Veneranda

(Mimi Mwinshehe nimeandika kama alivyosema. Nilijaribu kupunguza.)


Dar es Salaam, 30 Machi 2017

Bibi, shikamoo.

Barua yako imenifikia baada ya wiki tano, ilisahaulika kwenye droo ya kondakta. Msalimie Mzee Mwinshehe, mwambie asipunguze, nikisoma nakusikia. Mama nilizungumza naye jana, anasema sasa anatembea mpaka sokoni bila fimbo.

Sina la kujitetea. Kila nikipanga kuja inatokea kazi, na kwenye kampuni hii mwanamke ni mimi peke yangu. Nikikataa kazi moja watasema tulijua.

Zamani uliwaambia majirani kazi yangu ni kushika waya. Ni kweli, ila waya wenyewe umebadilika. Kwenye tamasha au kanisani kila maiki ilikuwa na waya wake mpaka kwenye mikisa, ile meza ya kupangia sauti. Maiki ishirini na nne, waya ishirini na nne, fungu nene kama mkono wako. Siku hizi maiki zote zinaingia kwenye boksi moja pale jukwaani, na kutoka hapo unatoka waya mmoja mwembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Sauti zinageuzwa namba, zinapita zote humo pamoja bila kugongana. Kila aliyejiunga kwenye mtandao huo anachukua anayoitaka. Mwenye spika za watu anachukua, anayerekodi anachukua, wala hakuna anayempunguzia mwenzake.

Sasa sikiliza. Agosti tunakwenda Nyarugusu. Shirika moja limeandaa siku mbili za kwaya na nyimbo za wazee, tuwapigie watu na turekodi papo hapo, na kazi nzima nimepewa niisimamie mimi. Ni mara ya kwanza.

Umesema nisiulize. Nauliza. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba dada yako Caritas alikufa mwaka sabini na mbili mlipokimbia Burundi. Kila Novemba tunamtaja kwenye sala ya marehemu, mimi nimemtaja tangu najua kusema. Ni huyo? Na ile akazehe uliyonifundisha nikiwa mdogo, salamu ya kuimba ya wanawake wa kwenu wakionana baada ya siku nyingi, ulinifundisha sehemu ya kujibu peke yake. Nilipokuuliza ya kuanza iko wapi ulisema ya kuanza ni ya mkubwa, na mkubwa hayupo.

Mjukuu wako, Aurore


Ilagala, 21 Mei 2017

Aurore,

Marahaba. Mto ulijaa, kivuko kikasimama siku tisa, barua yako ikakaa ng'ambo ya pili ikinitazama. Mama yako ni kweli anatembea, alikuja Pasaka akaanza kunipangia vyombo. Mwinshehe goti linamsumbua, na mimi goti linanisumbua, tunakaa hapa kibarazani kama meza mbili zenye miguu mifupi.

Nimefikiri juu ya waya wako. Watu ishirini na nne njia moja, na hawagongani. Huo si ukoo wetu. Lakini niambie, nani anawaambia waingie lini? Wanawake wawili tu wakiimba bila kutazamana wanapandana. Hao namba wanamtazama nani?

Kuhusu lile swali, Mwinshehe alishaandika jibu ukurasa mzima, nikamwambia achane. Amechana. Imemuuma kuliko mimi, maana mwandiko ulikuwa mzuri.

Siendi kwa sababu ya goti. Siendi kwa sababu ni msimu wa kukamua mawese na hakuna wa kuniangalizia. Na tena mimi ni nani wa kuingia kambini? Miaka arobaini na mitano niko hapa, watoto wa kijiji hiki wanadhani nimezaliwa Muha. Askari akinisikia nikiongea Kirundi na yule mama atasema, wewe bibi ni wa humu humu, kaa. Nimeshakimbia mara moja. Sitaki kuhesabiwa mara ya pili.

Wewe nenda. Mrekodi kama utakavyowarekodi wengine. Usimwambie wewe ni wa nani.

Nakutumia mawese kidumu kimoja. Usiwagawie hao wanaume wa kampuni.

Bibi yako


Kasulu, 20 Agosti 2017

Bibi, shikamoo.

Naandika nikiwa nyumba ya wageni Kasulu, gari linaondoka kesho asubuhi kurudi Dar. Najua utakalosema. Niliomba siku mbili nije Ilagala, wakasema mitambo ina kazi nyingine Dodoma Jumatano. Mawese yalifika, wanaume walinusa tu.

Ukumbi ulikuwa banda la ibada, bati juu, kuta nusu. Boksi la maiki tuliliweka jukwaani, mikisa katikati ya watu, na mashine ya kurekodi kwenye chumba cha ghala mita sitini kutoka hapo, tukavuta nyaya mbili kwa njia mbili tofauti ili mbuzi akitafuna mmoja wa pili ubaki. Swali lako la nani anawaambia waingie lini, mafundi wangu hawakuniuliza, na ndilo lililotukamata. Kwenye mtandao kifaa kimoja tu ndicho kinachoshika saa, vingine vyote vinakifuata. Siku ya kwanza mikisa ilishika saa na boksi nalo likashika saa. Sauti ikawa inapasuka kama mahindi kwenye kikaango, mbele ya kwaya nne zilizovaa sare. Nilihangaika saa nzima mpaka nikaliachia boksi uongozi na mikisa nikaiambia ifuate. Ikatulia.

Siku ya pili walipanda wazee. Nilimjua kabla hajataja jina. Anatembea kama wewe, bega mbele. Amri yako niliivunja hapo hapo, nikamwambia mimi ni wa Veneranda. Alinishika kidevu akanigeuzia kwenye mwanga kama mtu anayechagua samaki. Halafu akauliza, "Amekuja?"

Nikasema hapana, goti.

Akasema, "Goti."

Nilimwomba aimbe akazehe. Waandaaji wakataka kumtafutia mama mwingine wa kumjibu, walikuwepo wengi tu. Alikataa, akasema hiyo haiazimwi. Akasimama peke yake kwenye maiki, akaimba sehemu yake ya mkubwa, na pale pa kujibiwa akaacha nafasi, akaendelea, akaacha nafasi tena. Jenereta ilikuwa nje ya ukuta inanguruma, ila nilikuwa nimeshaizuia isisikike.

Nimempa Jovita redio ndogo ya memori kadi akuletee. Bonyeza kitufe cha kijani, ni yeye.

Jambo la mwisho. Caritas ameandikisha jina la kurudi kwao. Magari yanaanza mwezi ujao na lake bado halijapangwa, huenda likawa kabla ya Krismasi. Akishavuka huko hamtaonana tena, na wewe unajua. Sikulazimishi. Nakuambia tu.

Aurore


Ilagala, 10 Septemba 2017

Aurore,

Marahaba. Mama yako hajambo. Wewe ulifika Kasulu ukageuza, hilo tutaliongea siku nyingine, leo nina jingine.

Redio imefika. Nimesikiliza siku nne. Ni yeye, hata ungenifunga macho na kuniziba sikio moja. Anaimba mstari wake, halafu hakuna kitu. Hakuna pumzi, hakuna mguu kusogea, hakuna mtu kupiga chafya kwenye banda zima la watu. Kama ametumbukia kisimani. Kisha anatoka tena na mstari mwingine, tena katikati ya neno. Kila shimo liko mahali pangu. Alijua nitasikiliza. Amesimama mbele ya watu akawaonyesha: hapa palikuwa pa Veneranda, na hapana mtu.

Ana haki. Sasa nakueleza, na Mwinshehe nimemwambia akitaka kukohoa akakohoe nje.

Tulifika ufukweni kusini ya Rumonge tukiwa wanne. Mama yetu, Caritas, mimi, na mama yako mgongoni, miezi minne. Mama yetu alikuwa hawezi tena, tulimwacha kwenye matete hatua mia tatu nyuma ili tutafute mtumbwi kwanza. Tukaupata. Caritas akaniambia panda ushike nafasi, namfuata mama. Akaenda. Watu wakajaa. Mama yako analia, wanamkazia macho. Juu barabarani tukasikia malori. Mwenye mtumbwi akaniuliza, dada yako yuko wapi, tumngoje?

Nikamwambia, "Amekufa. Nimemwona. Ondoka."

Sikuwa nimemwona. Nilisikia matete yakivunjika upande aliokwenda, na nikachagua kwamba ni risasi.

Tulipofika huku nilikuwa nimeshasema, nikaendelea kusema. Niliwafundisha ninyi wote mumwombee. Sasa nimsalimu vipi mtu niliyemzika kwa mdomo wangu? Akazehe ni ya watu waliotafutana. Mimi sikumtafuta.

Goti langu halina neno. Nilikwea mchikichi wiki iliyopita.

Veneranda


Dar es Salaam, 2 Oktoba 2017

Bibi, shikamoo.

Mama anakusalimu, sijamwonyesha barua yako na sitamwonyesha mpaka uniambie. Juu ya matete siwezi kukuhukumu. Mama alikuwa mgongoni, na mimi nipo.

Nina la kusema juu ya mashimo. Mashimo si ya Caritas. Ni yangu.

Kwenye mikisa kuna kitu tunakiita geti. Ni kama mlinzi unayemweka mlangoni mwa maiki. Sauti kubwa inapita, sauti ndogo anaifungia nje. Nilimweka kwa sababu ya jenereta, na nikamkaza mno kwa sababu ile ilikuwa kazi yangu ya kwanza na niliogopa mngurumo kuliko nilivyoogopa kitu kingine. Ndiyo maana hukusikia chafya. Ndiyo maana maneno yalianzia katikati, mlinzi alichelewa kufungua. Na mimi nilikupa hiyo, ile iliyokwenda kwenye spika za watu, kwa sababu ilikuwa safi.

Lakini nilikuandikia kwamba kila aliye kwenye mtandao anachukua mwenyewe. Kule ghalani mashine ya kurekodi ilichukua sauti yake moja kwa moja kwenye boksi, haikupita kwa mlinzi. Sikuwa nimeisikiliza. Nimeisikiliza jana.

Jenereta inanguruma. Bati linagonga. Mtu anakohoa. Na ndani ya mashimo, Bibi, anaimba. Chini kabisa, midomo karibu imefungwa, anaimba sehemu yako. Yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hata pale wewe unapovuta pumzi kabla neno halijaisha, ambapo nilikuwa nadhani ni kosa lako tu, naye anavuta hapo hapo. Alisimama pale akashika nafasi zenu zote mbili. Banda zima halikusikia, na mimi niliyekuwa na vifaa vyote hivyo sikusikia.

Nilirudia mpaka fundi mwenzangu akauliza kama maiki imeharibika.

Kadi ya pili nimeibandika kwa selotepu ndani ya barua hii. Nimempigia Jovita: jina la Caritas limepangwa gari la tarehe kumi na tano Novemba.

Nisamehe kwa zile siku nne.

Aurore


Ilagala, 26 Novemba 2017

Aurore mjukuu wangu,

Sisi wazima. Mama yako alikuwa hapa juzi, nimemweleza mwenyewe habari ya mtumbwi, yeye ndiye alikuwa analia ndani yake, ana haki ya kujua. Akaniuliza kama nimekula. Mwinshehe anakusalimu, anasema Pangani ni mwezi ujao.

Kadi yako niliisikiliza mara moja, nikaizima. Hiyo jenereta ni mbaya sana. Usiitoe.

Tarehe kumi na tatu nilipanda gari la dagaa la Jovita, nimekaa juu ya magunia. Mwinshehe alitwaa barua ya mtendaji ya kuniombea ruhusa, akavaa kofia yake ya ubwana samaki, akasema bila yeye sitapita. Kizuizini askari aliisoma barua mpaka nikadhani anajifunza kusoma. Kisha akaniuliza, bibi unakwenda kwa nani? Nikasema kwa dada yangu. Akaandika. Basi. Miaka arobaini na mitano naliogopa neno ambalo askari ameliandika kwa peni ya bluu na kuniambia pita.

Nilimkuta anakunja blanketi. Amekonda, na nywele ziko chache kuliko zangu, hilo lilinipendeza kidogo. Nilitaka kusema kabla sijamgusa, nikaanza, Caritas, mimi nilisema umekufa. Akaniambia ninyamaze, salamu kwanza. Akanishika mikono hapa juu ya viwiko, akaanza.

Nikakosa mahali pangu. Miaka yote naifanya peke yangu jikoni, nikakosa. Salamu hairudiwi, nilikufundisha. Alirudia. Nikakosa tena. Mara ya tatu alinikaza mikono pale pa kuingia, nikaingia, na tulipofika pale pa kuvuta pumzi tulivuta pamoja. Majirani walisimama nje. Jovita anasema niliimba kwa sauti kubwa mno.

Baadaye nilimweleza yote. Akasema najua. Yule mwenye mtumbwi alirudi jioni ile kuchukua wengine. Caritas akamkimbilia majini, mama yetu mgongoni. Yule mtu kumwona akapiga ukelele, "Huyu si amekufa?" akasukuma mtumbwi akaondoka bila abiria hata mmoja. Caritas alicheka akikumbuka alivyomtolea macho, akacheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka. Halafu hakucheka tena, na mimi nikaacha. Akasema mama yetu aliishi siku tatu tu baada ya hapo.

Sikujua niweke wapi mikono. Akanisogezea ungo wa mchele, akasema chambua. Nikachambua. Yeye akachambua upande wake. Tulichambua mpaka hapakuwa na jiwe wala ganda, na bado tukaendelea.

Siku ya pili alinifundisha ile ya kuanza. Nilimwambia si yangu, mimi ni mdogo. Akasema sasa anavuka, na hataki sehemu yake ibaki upande mmoja wa ziwa. Asubuhi ya tarehe kumi na tano nilimfungia mzigo, fundo langu, akalifungua akalifunga la kwake. Akapanda. Yeye ndiye aliyelia, mkubwa mzima.

Sasa wewe. Ni miaka mitatu na miezi tisa. Umekaa mbali vya kutosha kusalimiwa, ungekuwa unakuja kila mwezi ningekupa uji tu. Krismasi njoo. Usipite mlango wa uani kama mpangaji. Mabegi yako yaache kwa Jovita. Ukitaka kurekodi, weka hiyo maiki mbali kule kwenye michikichi, na yule mlinzi wako mpe likizo. Kisha simama mlangoni kwangu, mikono mitupu, usiseme shikamoo. Mimi nitaanza. Ukikosa mahali pako nitakukaza mikono, uingie.

Veneranda